Uzi maalumu kwa wenye tasnifu: rigresheni ya mstari ina aina nyingi, wewe unahitaji ipi?

#1 Chuya_na_Mchele

Wakuu, salaam kwenu. Kwa mgeni: rigresheni ni kupitisha mstari kwenye data ili kuona kitu kimoja (kigeu tegemezi) kinavyokwenda na vingine (vigeu huru).

Msimu wa tasnifu umefika na swali ni lile lile: "Nina madodoso, nimeshaingiza SPSS (programu ya takwimu), nifanye rigresheni gani?" Mwenye swali hujibiwa kwa mkato: piga ya vigeu vingi, wasimamizi wote wanaipokea. Anapiga. Sura ya tatu inatangaza rigresheni ya vigeu vingi, sura ya nne linabandikwa jedwali kama lilivyotoka kwenye kompyuta, sura ya tano inadai mafunzo kazini yanaongeza ufanisi kwa asilimia 43 kwa sababu koefishenti (namba inayozidisha kigeu kwenye mlinganyo) imesoma 0.43. Ufanisi wenyewe ulipimwa kwa skeli ya 1 hadi 5! Hiyo asilimia imetokea wapi hakuna anayejua, na siku ya utetezi hakuna anayeuliza.

Kuhariri tasnifu ndiko kunakoniweka mjini, kwa hiyo haya nayaona kila mwaka.

Aina nyingi tutakazozitaja humu hesabu yake ya msingi ni moja. Unatafuta mstari ambao ukipima umbali wa kila mtu hadi kwenye mstari, ukaupigia mraba, ukajumlisha, jumla inakuwa ndogo kuliko ya mstari mwingine wowote. Legendre aliichapisha njia hiyo mwaka 1805 akiwa kwenye mahesabu ya mizunguko ya nyota zenye mkia. Kinachobadilika kutoka aina moja hadi nyingine ni nani unamlinganisha na nani. Ukishalijua hilo, jina la rigresheni linakuja lenyewe.

Niwape mfano wa mzee Yule (ndilo jina lake, simsonti mtu). George Udny Yule, mwanatakwimu wa Uingereza, mwaka 1899. Enzi hizo England ilikuwa na Sheria ya Maskini, na maskini alisaidiwa kwa njia mbili: aingie kwenye nyumba ya kazi, mahali palipofanywa pagumu makusudi ili watu wasipakimbilie, au apewe msaada akiwa kwake. Ubishi wa wanasiasa ulikuwa huu: kuwasaidia watu majumbani mwao kunazidisha umaskini au la? Yule akachukua takwimu za maskini na sensa za 1871, 1881 na 1891, eneo kwa eneo. Upande mmoja wa mlinganyo akaweka mabadiliko ya umaskini. Upande wa pili mabadiliko ya uwiano wa wanaosaidiwa nyumbani, ya uwiano wa wazee, na ya idadi ya watu. Kwa maeneo ya London kati ya 1871 na 1881 alipata:

Umaskini = 13.19 + 0.755 (msaada wa nyumbani) − 0.022 (wazee) − 0.322 (idadi ya watu)

Angetumia rigresheni rahisi, yenye kigeu huru kimoja tu, angekuwa analinganisha eneo lililojaa wazee na eneo la vijana, mtaa unaokua na mtaa uliodumaa, kisha tofauti yote anaubebesha msaada. Kwa kuviingiza vile vingine ni kama amesema: nileteeni maeneo yanayolingana kwa wazee na kwa ukuaji, ndipo tuutazame msaada. Huo ndio ulinganisho wa rigresheni ya vigeu vingi.

Hata hivyo hajathibitisha kuwa msaada ndio uliozaa umaskini. Inawezekana kabisa eneo lililoishiwa kazi lilipata maskini wengi kwanza, nyumba za kazi zikafurika, ndipo watu wakaanza kusaidiwa makwao. Yule alilifahamu hilo. Akachomeka tanbihi kwamba, tukitaka kuwa wakali, kila alipoandika "kutokana na" isomwe "inahusiana na". Tanbihi, jamani! Jambo zito kuliko yote kwenye makala kalificha chini ya ukurasa, na wengi wetu tumerithi tabia hiyo.

Leteni maswali. Wanaojua zaidi yangu wakosoe, ila waje na hoja.

#2 Ngoja_Waje

Naweka kambi hapa.

#3 Dada_wa_Tabora

Asante mkuu kwa uzi. Mimi nafanya mishahara ya walimu wa shule binafsi. Kigeu tegemezi ni mshahara kwa mwezi. Vigeu huru ni miaka ya shule, uzoefu, jinsia, kiwango cha elimu. Shida kuna walimu wachache wanalipwa mara nane ya wenzao na wameuvuta mstari wote. Msimamizi kaniambia "weka logi" halafu akakata simu. Naiweka wapi, na nikishaiweka nasomaje?

#4 Chuya_na_Mchele

Dada, msimamizi wako kakuelekeza vizuri, tatizo ni salio lake la simu.

Logi unaiweka kwenye mshahara wenyewe. Kwa shilingi, kutoka laki tatu hadi laki sita ni hatua ya laki tatu, na kutoka milioni tatu hadi sita ni hatua ya milioni tatu. Kwenye logi hatua hizo mbili zinalingana, maana zote ni kuongezeka maradufu. Wale vigogo wako hawatauvuta tena mstari, na kusema kweli mishahara ndivyo inavyokwenda: watu hupandishwa kwa asilimia.

Mlinganyo wako una historia. Jacob Mincer aliuweka sawa kwenye kitabu chake cha 1974, kwa data za sensa ya Marekani ya 1960: logi ya kipato upande mmoja, miaka ya shule, miaka ya uzoefu, na mraba wa uzoefu upande wa pili. Wachumi wa kazi duniani kote bado wanaanzia hapo. Kile kigeu cha mraba kinaruhusu mstari upinde. Chukua namba za kubuni: uzoefu 0.08, mraba wake −0.001. Kipato kinapanda, kinapunguza kasi, kinafika kileleni pale 0.08 ÷ (2 × 0.001), yaani mwaka wa 40 kazini, kisha kinaanza kushuka. Watu huuliza, kama mchoro umepinda mbona bado inaitwa ya mstari? Kwa sababu koefishenti zenyewe zimejumlishwa tu, hakuna iliyopigiwa mraba wala kuzidishwa na mwenzake.

Kusoma: koefishenti ya miaka ya shule ikiwa 0.10, kila mwaka mmoja wa shule unaambatana na mshahara mkubwa kwa takriban asilimia 10 (hasa ni 10.5). Namba ndogo zinasomeka moja kwa moja, kubwa zinadanganya. Jinsia ikisoma −0.50 usiandike wanawake wanapata asilimia 50 pungufu. Chukua e (ile namba ya 2.718), ipandishe kwa kipeo cha −0.50, toa 1: ni pungufu ya asilimia 39. Ingekuwa +0.50 ingekuwa zaidi kwa asilimia 65.

Kiwango cha elimu usikiweke kama 1, 2, 3. Ukifanya hivyo umeiambia kompyuta kwamba kutoka cheti hadi diploma ni hatua sawasawa na kutoka diploma hadi digrii. Tengeneza vigeu vya 0 na 1: diploma kimoja, digrii kimoja. Cheti kinabaki nje na ndiyo kundi unalolinganishia. Ukivitia vyote vitatu kompyuta itaondoa kimoja yenyewe, na huenda ikaondoa usichotaka. Ila angalia jambo jingine: miaka ya shule na kiwango cha elimu ni karibu kitu kimoja. Chagua.

Na kama unashuku uzoefu hauwalipi wanawake sawa na wanaume, zidisha jinsia kwa uzoefu, ongeza kigeu hicho cha mwingiliano, na vile viwili vya awali vibaki. Bila hicho mistari ya wanaume na wanawake umeilazimisha kwenda sambamba.

#5 Kokotoo

Mkuu, umeruka masharti. Kabla ya rigresheni lazima vigeu vyote viwe na mgawanyo wa kawaida, kengele iliyosimama sawa. Ndivyo tulivyofundishwa.

#6 Chuya_na_Mchele

Kokotoo, jinsia ina 0 na 1. Hiyo kengele utaisimamishia wapi?

Sharti hilo linahusu masalio, yaani kinachobaki kwa kila mtu baada ya mstari kupita. Na hata hapo, sampuli ikiwa kubwa kiasi, ndilo sharti jepesi kuliko mengine. Mazito ni mawili. La kwanza, usiwe umeacha nje kitu kinachogusa pande zote mbili. Hilo hakuna jaribio la SPSS litakalokuonyesha. La pili, mtawanyiko wa masalio. Walimu wa vijijini mishahara yao inakaribiana, wa mjini imetapakaa. Makosa sanifu ya kawaida (kipimo cha jinsi koefishenti ingeyumba ukichukua sampuli nyingine) hapo hayaaminiki. Halbert White alitoa njia ya kuyarekebisha mwaka 1980 na programu karibu zote zinayo siku hizi, hivyo hakuna sababu ya kuiacha.

Halafu chora data. Mwaka 1973 Francis Anscombe alitengeneza seti nne za data, kila moja nukta 11. Zote wastani wa x ni 9, wastani wa y ni 7.5, mstari ni 3 + 0.5x, R mraba (sehemu ya tofauti za y inayoelezwa na mstari) ni 0.67. Ukitazama jedwali ni mapacha wanne. Ukizichora, ya kwanza ni mstari wa kawaida, ya pili ni upinde, ya tatu mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyotoroka, na ya nne nukta kumi zimesimama wima huku moja peke yake kule mbali ndiyo iliyoushika mstari wote.

#7 Kokotoo

Sawa, hapo kwenye 0 na 1 umenipata. Sasa kama kigeu tegemezi ndicho 0 na 1, mtu ana bima ya afya au hana? Hapo ni rigresheni ya logistiki, ile ya mkunjo unaobaki kati ya 0 na 1, mstari haugusi. Usibishe.

#8 Chuya_na_Mchele

Nitabisha kidogo. Logistiki ni sahihi na walio kwenye afya ya jamii wanaidai. Lakini wachumi wengi wanapitisha mstari hapo hapo, wanauita modeli ya mstari ya uwezekano, na koefishenti inasomeka bila kuhangaika: 0.12 ni nyongeza ya pointi 12 za asilimia. Ubaya wake unaweza kumtabiria mtu uwezekano wa 1.07 au −0.04, na masalio lazima yatawanyike bila usawa, hivyo makosa ya White ni ya lazima. Kama watu wako wengi wako katikati, tuseme kati ya 0.2 na 0.8, majibu ya njia mbili yatakaribiana sana.

Ile ya 1 hadi 5 ndiyo mbaya zaidi. Swali moja la "nakubali sana" kulifanya kigeu tegemezi cha mstari ni kujitafutia maneno. Kuna rigresheni ya daraja kwa ajili hiyo. Ukijumlisha maswali kumi yaliyopimwa uthabiti wake, hapo wengi wanakubali mstari, mimi nikiwemo.

#9 Vigeu_23

Mimi nilikuwa na vigeu vingi mno. Nikawasha ile ya hatua kwa hatua, kompyuta ikachagua yenyewe sita, vyote p (uwezekano wa kupata matokeo ya namna hiyo kwa bahati tu) ndogo kuliko 0.05. Sura ya nne imetoka safi sana.

#10 Fundi_wa_Jedwali

Imetoka safi kwa sababu takataka zimefagiliwa chini ya mkeka.

Fanya jaribio hili. Tengeneza vigeu 20 vya namba za bahati nasibu, havihusiani na chochote, vijaribu kimoja kimoja kwa kiwango cha 0.05. Uwezekano wa angalau kimoja kuonekana muhimu ni asilimia 64. Ndicho hicho kompyuta itakachokuchagulia, kisha ikuandikie p kana kwamba ulikitaja tangu mwanzo.

Kuna nyingine watu wanaichanganya na hiyo, ya kuingiza kwa mafungu. Humo wewe ndiye unayeamua: fungu la kwanza umri, jinsia na elimu, la pili vigeu vya nadharia yako, unaangalia R mraba imeongezeka kiasi gani. Wanasaikolojia na watu wa elimu wanaipenda, na iko salama kwa sababu mpangilio umetoka kwenye nadharia. Kama kweli vigeu ni vingi kuliko uwezo wa sampuli, ipo LASSO ya Tibshirani ya 1996, inayozibana koefishenti na kuzisukuma nyingine hadi sifuri. Nayo ni ya kutabiri zaidi kuliko ya kueleza sababu.

#11 Mtoto_wa_Kanyigo

Naona mnazunguka, ngoja niwalete nyumbani Kagera. Swali: anayehama anafaidika? Ukilinganisha aliyehamia Mwanza au Dar na aliyebaki kijijini utamkuta wa mjini ana hali nzuri, sawa. Lakini huenda alitoka kwenye kaya yenye shamba kubwa la kahawa na baba aliyesoma. Hayo utayawekaje yote kwenye dodoso? Bidii ya mama utaiwekea kigeu gani?

Kuna utafiti wa kaya ulifanyika Kagera kati ya 1991 na 1994, kaya mia tisa na kidogo. Mwaka 2004 watafiti wakarudi kuwatafuta watu wale wale popote walipo, hata waliovuka kwenda Uganda. Beegle, De Weerdt na Dercon walichapisha uchambuzi wao mwaka 2011. Walichokifanya ni kuipa kila kaya ya awali kigeu chake, yaani rigresheni yenye athari za kaya zisizobadilika. Kwa lugha ya Chuya_na_Mchele, ulinganisho sasa uko ndani ya kaya: aliyeondoka na ndugu yake aliyebaki, waliokula chungu kimoja mwaka 1991. Shamba, baba, ukoo, kijiji, vyote vinajifuta kwa sababu wote wawili walikuwa navyo.

Jibu lao: ukuaji wa matumizi ya aliyehama ulizidi kwa pointi 36 za asilimia katika kipindi chote hicho. Kwa Mhaya hiyo si habari mpya, lakini kuiona imekokotwa inapendeza.

#12 Kokotoo

Hao ndugu wawili hawafanani. Anayeondoka ndiye mwenye akili, au mkorofi. Kaya umeifuta, mtu hujamfuta.

#13 Mtoto_wa_Kanyigo

Kweli kabisa, na hata wenyewe waliliona. Wanawafuatilia watu wale wale tangu mwanzo, kwa hiyo wanapima ukuaji: kama alikuwa na akili ya kudumu inayompa kipato kikubwa miaka yote, hiyo imeshatolewa. Inayobaki ni akili inayozaa matunda baadaye, na kwa hilo walijaribu pia vigeu nyenzo.

#14 Dada_wa_Tabora

Kigeu nyenzo ni kitu gani tena?

#15 Fundi_wa_Jedwali

Ni kitu kinachomsukuma mtu kuhama au kusoma lakini hakigusi kipato chake kwa njia nyingine yoyote. Unatumia ule msukumo tu, mengine unayaacha. Mfano uliosifika ni wa Angrist: wakati wa vita ya Vietnam, Marekani ilichagua vijana wa kwenda jeshini kwa bahati nasibu ya tarehe za kuzaliwa. Tarehe haijui bidii ya mtu. Makala ilitoka 1990, na mwaka 2021 Angrist akawa mmoja wa waliopewa Nobel ya uchumi. Ila dada, kwa tasnifu ya umahiri kaa mbali nayo kama huna nyenzo ya kueleweka. Nyenzo dhaifu ina madhara kuliko kutokuwa nayo.

#16 Jirani_wa_Busia

Habari zenu majirani. Mimi niko Busia, upande wa Kenya, na kwetu tumepimwa mpaka tumezoea. Ule utafiti wa dawa za minyoo wa Miguel na Kremer, shule 75, ulikuwa hapa. Dawa zilianza kwa zamu, kundi moja la shule mwaka 1998, lingine 1999, lingine baadaye, bila shule kuchagua zamu yake. Ukigawa hivyo, rigresheni yako inakuwa nyepesi, ni wastani wa hawa na wastani wa wale. Lakini walihesabu pia wanafunzi wa shule zilizopata dawa walio ndani ya kilomita 3, kwa sababu minyoo haina mipaka ya shule: mtoto wa jirani akitibiwa, wako naye anapona. Huyo ambaye hajapewa dawa, aliyekuwa kwenye ulinganisho kama "wa kawaida", kumbe amefaidika kimyakimya. Makala yao ni ya 2004.

#17 Ngosha_wa_Meatu

Jirani, umeniwahi. Huyo huyo Miguel mwaka huo huo wa 2004 alichapisha makala akiwalinganisha ninyi wa Busia na sisi wa Meatu. Aliuliza kama mchanganyiko wa makabila unapunguza michango ya shule. Busia jibu lilikuwa ndiyo: penye mchanganyiko mkubwa, shule zina fedha kidogo. Meatu uhusiano huo haukuonekana. Sisi Wasukuma ni wengi lakini Wanyiramba na Wataturu tuko nao, na michango inatoka. Maelezo yake: siasa za ujenzi wa taifa za Nyerere, Kiswahili, na serikali za vijiji.

Nakubaliana naye kwa sababu ananisifia. Ila tukija kwenye ulinganisho, ndani ya kila wilaya ana vijiji na shule za kutosha kuchora mstari. Akivuka kwenda kwenye sentensi ya "Kenya dhidi ya Tanzania", hapo ana wilaya mbili tu, moja kwa kila nchi. Mistari miwili imepishana mteremko, hilo sawa. Sababu ya kupishana inaweza kuwa Nyerere, ardhi, umbali na mji, au mwalimu mkuu mkali. Hapo ametegemea historia kuliko hesabu, na hakujificha.

#18 Jirani_wa_Busia

Haha, sisi kwetu tungesema ninyi mlichangishwa na mgambo.

#19 Ngosha_wa_Meatu

Mgambo naye ni kigeu kilichoachwa nje.

#20 Mwalimu_Mkuu_Mstaafu

Vijana, mmesema vizuri lakini hamjagusa kosa ninaloliona sana kwenye tafiti za elimu. Mtu anapima wanafunzi 2,000 kwenye shule 50, wanafunzi 40 kila shule, anaandika n = 2,000. Wanafunzi wa shule moja wana mwalimu mmoja wa hisabati, njaa moja ya mchana, mvua moja inayovuja darasani. Hawakuleti taarifa 40, wanakuletea chache zinazorudiwa.

Hesabu yake ni hii: 1 + (m − 1) × ρ, ambapo m ni wanafunzi kwa shule na ρ ni kiasi wanavyofanana. Wakifanana kwa 0.2, jambo la kawaida kwenye alama za mitihani, ni 1 + 39 × 0.2 = 8.8. Gawanya 2,000 kwa 8.8: una wanafunzi kama 227 waliojitegemea. Makosa sanifu uliyochapisha ni madogo karibu mara tatu kuliko yanavyopaswa. Kwa kigeu cha shule, kama maktaba, kosa hilo linakupiga lote. Ndiyo maana wanaotumia data za SACMEQ (mpango wa kupima ubora wa elimu kusini na mashariki mwa Afrika), ambapo huchaguliwa shule kwanza kisha wanafunzi wa darasa la sita, hutumia rigresheni ya ngazi: mwanafunzi ngazi ya kwanza, shule ngazi ya pili, kila shule na mahali pake pa kuanzia mstari. Au angalau wanayakusanya makosa sanifu kwa shule.

Na msibebe matokeo ya ngazi moja mkayapeleka nyingine. W. S. Robinson alilionyesha mwaka 1950 kwa sensa ya Marekani ya 1930. Majimbo yenye wahamiaji wengi waliozaliwa nje yalikuwa na wasiojua kusoma wachache. Uwiano ulikuwa −0.526. Alipotazama mtu mmoja mmoja ukageuka kuwa +0.118. Wahamiaji wenyewe walikuwa na wasiojua kusoma zaidi, ila walihamia kwenye majimbo ambako wenyeji walisoma. Anayechukua wastani wa mikoa ya Tanzania na kuhitimisha kuhusu kaya, ajitazame hapo.

#21 Kokotoo

Shikamoo mwalimu. Hii nimeichapisha kwenye karatasi.

Wakuu, hakuna aliyesema tofauti ya tofauti. Nani anaiweza kwa lugha nyepesi?

#22 Fundi_wa_Jedwali

Tarehe 1 Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. Jirani yake Pennsylvania hakupandisha. Card na Krueger waliuliza migahawa 410 ya vyakula vya haraka, kabla na baada. New Jersey wastani wa wafanyakazi kwa mgahawa ulitoka 20.44 hadi 21.03. Pennsylvania ulitoka 23.33 hadi 21.17.

Ukitazama New Jersey peke yake utasema hakuna kilichobadilika sana. Ukitazama baada tu, utasema New Jersey ina wafanyakazi wachache kuliko jirani na utalaumu mshahara. Toa badiliko la mmoja kwenye badiliko la mwingine: 0.59 − (−2.16) = 2.75 (wao wameandika 2.76, ni mambo ya kukadiria desimali). Kwenye rigresheni ni vigeu vitatu vya 0 na 1: jimbo, muda, na jimbo mara muda. Hicho cha tatu ndicho jibu, yaani ule ule mwingiliano wa #4 umevaa suti.

Linalobeba yote ni dai kwamba bila sheria New Jersey ingeshuka kama Pennsylvania. Hilo halipimiki, linatetewa tu. Neumark na Wascher walipinga mwaka 2000 kwa kumbukumbu za mishahara za migahawa, Card na Krueger wakajibu mwaka huo huo, na ugomvi wa kima cha chini haujaisha hadi leo.

#23 Ngoja_Waje

Bado niko kambini. Na ile ya kwantaili?

#24 Fundi_wa_Jedwali

Fupi: mistari yote ya juu inapita kwenye wastani. Koenker na Bassett, 1978, walitoa njia ya kuipitisha kwenye sehemu nyingine, mfano pale ambapo asilimia 10 ya watu wako chini yake, au asilimia 90 (hizo ndizo kwantaili). Kama unachunguza pengo la matajiri na maskini, wastani hautakwambia iwapo elimu inawanufaisha zaidi waliokuwa juu tayari. Haisumbuliwi na vigogo wachache wa mishahara. Haipunguzi miraba ya masalio, inapima umbali wenyewe kwa uzito usiolingana juu na chini ya mstari.

#25 Dada_wa_Tabora

Nimesoma vyote, mwalimu umenitisha. Walimu wangu 180 wanatoka shule sita. Nikusanye makosa sanifu kwa shule?

#26 Mwalimu_Mkuu_Mstaafu

Binti yangu, sita ni chache mno kwa njia hiyo. Makosa yaliyokusanywa yanahitaji makundi mengi ndipo yaaminike, na wengi hutaja 40 au zaidi. Rigresheni ya ngazi nayo itashindwa kukadiria tofauti za shule kwa shule sita. Weka vigeu vya shule, vitano na shule moja ya kulinganishia, kama kijana wa Kanyigo alivyoeleza kwa kaya. Utakuwa unalinganisha mwalimu na mwalimu mwenzake wa shule ile ile, na hilo linalijibu swali lako la uzoefu na jinsia. Kwenye sura ya tano sema hivyo: ndani ya shule hizi sita.

#27 Dada_wa_Tabora

Marahaba kwa ushauri... namaanisha shikamoo mwalimu 😂. Kigeu changu cha "shule ina bweni" kitabaki?

#28 Mwalimu_Mkuu_Mstaafu

Hakitabaki. Shule ina bweni kwa walimu wake wote au haina kwa wote. Ndani ya shule hakibadiliki, kwa hiyo vigeu vya shule vitakimeza na kompyuta itakiondoa bila kukuuliza.

#29 Dada_wa_Tabora

Bweni limo kwenye kichwa cha tasnifu yangu, na msimamizi ndiye aliyelipendekeza.

#30 Chuya_na_Mchele

Badilisha kichwa cha tasnifu wakati bado ni pendekezo. Msimamizi mtumie namba 20, 26 na 28, na safari hii mpigie wewe ili simu isikatike.